Mapigo ya Binti wa Mhunzi

Mwaka jana nilikwenda Didia kuhani msiba, na jioni miguu ikanipeleka yenyewe hadi uwanja wa shule yetu ya zamani. Uwanja haupo. Kuna mahindi, na nyuma yake nyumba za bati. Nilisimama pale, ndugu yangu, nikasikia tena mlio wa gongo likikutana na mpira. Nimeusikia zaidi ya miaka hamsini, na kila ukija natazama kwanza mikono yangu.

Ilikuwa miaka ya sitini, tukiwa darasa la mwisho. Padri mgeni aliyetufundisha hesabu alikuja na magongo mawili na mipira migumu ya ngozi, akatufundisha mchezo wa kwao, besiboli. Tulicheza baada ya kupalilia pamba ya shule, midomoni tukiwa bado na utamu wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Uwanja ulizungushiwa ua wa minyaa. Mpira ukiivuka minyaa, hilo lilikuwa pigo kubwa. Padri alipenda hesabu kuliko ushindi. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, alinipa daftari: mstari kwa kila mchezaji, zamu zake, na mapigo yake makubwa.

Binti wa mhunzi alituacha mbali. Wavulana wengi walivusha mpira mara moja katika zamu ishirini. Mimi, niliyejiona bingwa, mara mbili. Yeye mara tano. Nyumbani alimsaidia baba yake kufua majembe, na alipopiga hakujikaza hata kidogo. Alizungusha kiuno tu, mpira ukapotelea malishoni, wachunga ng'ombe wakapiga miluzi. Bibi yangu alikuwa akisema, "Mkono wa ng'wana huyo umelelewa na nyundo."

Mwisho wa mwaka ikaja habari kwamba shule moja ya bweni mjini Shinyanga ina nafasi moja kwa mchezaji wetu bora. Padri akasema daftari ndilo litakaloamua.

Mchana mmoja, wenzangu wakiwa kisimani, nilichukua kifutio. Nikafuta mapigo yake tisa, nikayaandika kwenye mstari wangu.

Padri alilifungua daftari mbele ya darasa, akakunja uso. "Una hakika?"

"Ndiyo, Padri."

Akasoma jina langu. Binti wa mhunzi alinitazama kidogo, kisha akasema, "Hongera, kaka," akaokota ndoo yake na kwenda zake.

Nilisoma, nikawa mwalimu. Yeye aliolewa, na baadaye mumewe akamchukua hadi machimboni Geita.

Jioni ile, nilipotoka kwenye yale mahindi, nilimuuliza jirani habari zake. Kesho yake nikapanda basi. Nilimkuta karibu na soko la Geita, anauza chai na maandazi. Alinitambua kabla sijafungua kinywa.

"Mwangaluka, mwalimu. Umezeeka."

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mjukuu wake wa kike ndiye aliyemimina chai.

"Niliosha dhahabu miaka mingi," alisema. "Zebaki, kwa mikono mitupu."

Nikamweleza nilichofanya. Hakushtuka.

"Nilijua siku ile ile. Yangu nilikuwa nayahesabu mwenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Daftari lilikuwa kwako."

Padri alirudi kwao zamani. Daftari sijui liliishia wapi. Wenzetu wengi wameshazikwa. Nadhani hata yeye alikuwa akiwaza kwamba shahidi nimebaki mimi tu, maana alimwita mjukuu aje karibu.

"Mwambie huyu, mwalimu. Mimi nikimsimulia ananiona mwongo."

Nikamsimulia polepole, kama nilivyokuwa nikifundisha: gongo, minyaa, wavulana wote na mimi miongoni mwao, na jinsi bibi yake alivyotushinda sote. Nikamwambia na habari ya kifutio.

Mtoto aliitazama mikono ile, akanitazama na mimi, akacheka kidogo kwa adabu. Kisha akakusanya vikombe, akaenda kuviosha.