Mashine Isiyojua Kukataa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, pale kwenye josho, birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, upande wa Endabash, Karatu. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Arusha, nimerudi nyumbani kuomba ruhusa. Ofisi ilikuwa imenichagua niende Dar es Salaam kujifunza kompyuta. Mama alikubali mara moja. Baba alikuwa bado, na bila baraka yake nisingethubutu kupanda basi. Ndivyo tulivyolelewa.

Aliniambia tuongozane joshoni, tutazungumza huko huko. Tulikuta foleni ndefu ya mifugo, vumbi tupu. Baba akauliza bila kuniangalia:

"Wanasema hiyo mashine inafikiri. Inafikirije?"

Nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Nikamweleza kwamba ndani yake kuna kitu kidogo kama ukucha, kinaitwa prosesa, nacho ndicho kinachofanya kazi. Maagizo hukaa kwenye kumbukumbu, kila agizo na namba ya mahali lilipo. Prosesa huchukua agizo moja, hutambua linataka nini, hulitekeleza, kisha hufuata jingine. Ndani yake mna sehemu inayoshika zamu ni ya agizo lipi, vijisehemu vya kuhifadhi kwa muda namba zinazofanyiwa kazi, na sehemu ya kujumlisha, kutoa na kulinganisha. Ikishalinganisha, inaweza kuelekezwa iruke hadi agizo la mbali, au irudi nyuma. Yote hayo huenda kwa mapigo ya saa iliyomo humo humo, mapigo mengi mno kwa sekunde moja. Nikatia na chumvi kidogo, kwamba inawashinda akili watu wote wa Karatu.

Mara mwangalizi wa josho akaita, "Mzee, ingiza wako!"

"Bado hawajanywa maji," baba akajibu.

"Foleni ndefu, mzee. Ingiza tu, utatuchelewesha!"

Mfugaji yeyote anajua kwamba ng'ombe mwenye kiu akiogeshwa atainywa ile dawa, na ni sumu. Baba akaweka fimbo mbele ya dume lililotangulia, akawaacha wafugaji wenzake wapite huku wakinung'unika. Tukawapeleka wetu kwenye hori.

Walipokuwa wakinywa, akaniuliza: "Hiyo prosesa yako. Ukiiandikia iogeshe kwanza, halafu ndipo inyweshe, itafanyaje?"

"Itaogesha, baba. Halafu itanywesha."

"Haitasita?"

"Haijui ng'ombe ni nini. Inatekeleza agizo."

"Na wakifa?"

"Itachukua agizo linalofuata."

Nilijisikia vibaya kulitamka hilo. Majivuno yote yaliniisha pale pale. Baba akawaangalia ng'ombe mpaka wa mwisho alipoinua kichwa.

"Kumbe inatii tu," alisema. "Nilihofia unakwenda kwa mashine yenye akili, ikishajua kazi ikufukuze. Sasa naona inahitaji mtu wa kuitazama. Nenda, binti yangu. Lakini wewe usije ukawa hivyo."

Akaniwekea mkono kichwani mbele za watu wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa mdogo. Nikalia bila aibu.

Mwanangu unayesomea kompyuta, prosesa ya simu yako leo ina kasi kuliko mashine ile kubwa niliyojifunzia Dar es Salaam, na hufanya kazi kadhaa kwa pamoja. Bado njia ni ile ile ya kuchukua agizo, kulitambua na kulitekeleza. Kwa hiyo unapoiandikia, angalia nini kitangulie na nini kifuate, na ujiulize nani ataumia ukikosea, maana yenyewe haitakuuliza. Na ikitokea siku mkubwa wako akuamuru uiandikie jambo la kuwadhuru watu, kataa. Hapo kati yenu wawili, wewe na mashine, ni wewe tu unayeweza kukataa.

Mungu akufungue akili uelewe unachosomeshwa, akutie na moyo wa kusema hapana siku hiyo itakapofika.