Kitambaa Juu ya Kompyuta Namba Tatu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ziwa likiwa limetulia kabisa, na mimi bado karani kijana katika ofisi ya kuandikisha wakimbizi pale Gungu. Jana uliponiambia kwamba programu ya kazini kwenu imekataa kukufungulia taarifa za mteja, na kwamba umeshamgombeza mwenzako, nilianza kucheka, kisha nikaacha. Sasa nakueleza kwa nini niliacha.

Miaka ile watu walivuka kutoka Kongo karibu kila siku. Kila familia ilikuwa na fomu yake ndani ya kompyuta, na kompyuta zetu nne ziliunganishwa kwa waya na kompyuta kuu iliyotunza fomu zote. Mmoja akifungua fomu, wengine hawakuweza kuigusa mpaka aifunge, ili watu wawili wasifutiane maandishi. Nililijua hilo vizuri, tena nililiringia.

Asubuhi ile nilifungua fomu ya familia moja nirekebishe jina la kijiji. Dirisha langu lilitazama ziwa. Nikaangalia maji, nikaangalia milima ya ng'ambo ikififia ndani ya ukungu, mawazo yangu yakavuka nayo, hata sijui yalifika wapi. Nikaitwa kula migebuka, samaki wa ziwa letu. Nikaifunika kompyuta kwa kitambaa alichonifumia mama, kwa ajili ya vumbi, kama tulivyofunika redio nyumbani, nikaondoka. Kuzima hatukuzima, tuliamini kuzimazima kunaziharibu.

Mchana nikawa na zamu ya kupokea watu, kwenye kompyuta nyingine. Akaja mama mmoja aliyeshuka boti siku hiyo. Binti yake mdogo alikuwa ametangulia na majirani, akaandikwa kwenye fomu yao, na majirani hao walikuwa wameshapanda lori uani, wanapelekwa kambini. Bila jina lake kuhamishiwa kwenye fomu ya mama, mtoto asingeruhusiwa kushuka.

"Mama, mutoto yangu iko mu kamyo," aliniambia taratibu. "Ameniona."

Nikaitafuta fomu ya wale majirani. Ikakataa: inatumiwa na mtu mwingine. Nikamgombeza Yohana, karani mwenzangu, naye akaapa hajaigusa. Nikainuka nikazime kompyuta kuu, ili fomu zote zifunguke. Bi Zuhura, mkuu wetu, mwenyeji wa mtaa wa Kasingirima, mama asiyepaza sauti, akanishika mkono. Akasema nikiizima wakati wenzangu wanaandika, nitapoteza familia za watu. Akakaa, akaangalia kwenye hiyo kompyuta kuu ni mashine ipi iliyoishikilia fomu. Akasoma, akanigeukia.

"Namba tatu ni ya nani, binti yangu?"

Nilikimbia. Nilipovuta kile kitambaa, fomu ilikuwa pale pale, imefunguka tangu asubuhi. Nikaifunga, na papo hapo nikasikia lori linatoka getini.

Yule mama alikuwa amenifuata ndani. Akaokota kitambaa sakafuni, akakikunja vizuri, akaniwekea mezani. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mtoto alirudishwa siku ya nne. Siku zote hizo mama yake alikaa kwenye baraza yetu, macho barabarani, nami nilimpelekea uji ambao mara nyingi hakuunywa. Nilimwona akimpokea mtoto wake, akimpapasa kichwa, mabega, vidole, kimoja kimoja. Zile siku nilimwibia mimi, mwanangu, na sina pa kuzirudishia.

Kwa hiyo programu ikikuambia kuna mtu ameshikilia, anza na kiti chako mwenyewe. Kabla hujainuka, funga ulichofungua, hata kama unakwenda kunywa maji tu. Usizime cha wote kwa haraka yako. Tafuta kwanza ni nani aliyeshika, kisha mwombe aachie. Na huyo mwenzako uliyemgombeza, kamwombe radhi leo hii. Mimi kwa Yohana nilichelewa wiki nzima, na kila siku ikawa vigumu zaidi.

Kitambaa bado ninacho, kimekunjwa vile vile alivyokikunja.

Mungu akujalie mikono myepesi kuachia, mwanangu, na akupe kuwapokea wako kila wanaporudi.