Dawa ya Tela la Mama Mwanahalima

Kwa miaka kumi na tisa Felisian aliendesha lori la ushirika, akisomba pamba kutoka vijiji vya Bunda hadi kiwandani, na katika miaka yote hiyo ni mara chache sana alirudi nyuma. Hakuwa na sababu. Kiwanda kilikuwa na geti la kuingilia upande huu na la kutokea upande ule, na vijijini kulikuwa na viwanja vya kugeuzia hata meli. Alisifika kwa udereva. Akipita Guta, kijijini kwao, watoto walikimbia kando ya barabara wakimwita jina.

Mwaka 1994 watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, ushirika ukayumba, wafanyakazi wakapunguzwa. Felisian akarudi nyumbani na cheti cha utumishi mwema na koti la kazi. Baada ya miezi minne ya kupalilia mihogo akasikia kwamba Musoma mjini, mtaa wa Mukendo, kuna mama anatafuta dereva.

Huyo alikuwa Mwanahalima, mfanyabiashara aliyeacha kuuza kanga akaingia kwenye sangara. Alikuwa na boti ya plastiki ngumu na injini yake, na kwa kuwa wezi wa injini walikuwa wengi, boti haikulala ziwani. Kila jioni ilivutwa kwa tela hadi uani kwake, na kila asubuhi ilirudishwa mwaloni, ufukweni wanaposhushia samaki.

"Tela unajua kulirudisha nyuma?" aliuliza.

"Mama," Felisian akajibu, "mimi nilikuwaga dereva wa ushirika miaka kumi na tisa."

Hakusema uongo. Wala hakujibu swali. Mwanahalima akampa funguo za Landrova.

Jumatatu asubuhi mwalo ulikuwa umejaa. Mitumbwi ilikuwa inashusha samaki, malori ya barafu yalikuwa yanasubiri, na kando ya mteremko wa saruji Justina, muuza uji, alikuwa ameweka meza yake. Felisian akaingiza rivasi, akatoa kichwa dirishani.

"Kata kulia!" mtu mmoja akapaza sauti.

Felisian akakata kulia. Tela likaenda kushoto.

"Kulia, mzee! Kulia!"

Akazidi kukata kulia. Tela likazidi kwenda kushoto, mpaka likaangaliana na Landrova ubavu kwa ubavu. Akasogea mbele, akanyoosha, akarudi tena. Safari hii kila mtu mwaloni akawa mwalimu. "Njoo, njoo, njoo!" "Basi, basi!" "Rudisha usukani!" "Kata yote!" Tela likaelekea kwa Justina. Justina akabeba sufuria yake akahamia upande wa pili. Felisian akajaribu upya, na tela likaelekea upande wa pili.

"Baba, una nini na uji wangu?" Justina akauliza.

Mara ya sita nahodha wa boti, jamaa mmoja mnene aitwaye Machage, akachoka. Akafungua tela kutoka kwenye gari, akaita wanaume kumi na wanane, wakalisukuma hadi majini kwa mikono huku wakiimba. Wimbo wenyewe walikuwa wameutunga papo hapo, na jina la Felisian lilikuwemo.

Felisian akashuka, akalipiga tela teke kwenye gurudumu. "Hili tela linaumwa," akamwambia Mwanahalima.

Mwanahalima alilitazama tela. "Pole yake," akasema. "Basi nenda kalitafutie dawa. Jumamosi nakutaka hapa, wewe na dawa yako. Funguo niachie; ukija mikono mitupu, huzipati tena."

Akapanda basi kurudi Guta. Akamwambia mkewe, Dafroza, kwamba amepewa mapumziko. Halafu akachukua baiskeli, akaifungia mkokoteni nyuma kwa kipande cha mti, na kuanzia Jumanne akawa anaisukuma kinyumenyume kuzunguka shamba la mihogo na boma la mbuzi lililo kando yake, shingo ameigeuza, anasema peke yake: "Kushoto ndiyo kulia. Kulia ndiyo kushoto. Dawa iko wapi?"

Jirani yake, Bibi Gati, alikuwa anachuma mboga. Aliona mtu mzima anazunguka boma la mbuzi wake kinyumenyume, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya saba, akitaja dawa. Hakungoja ya nane.

Alhamisi mchana balozi wa nyumba kumi akaitisha kikao. Watu wakajaa. Dafroza naye akaja, mikono imejaa unga, hajui kuna nini.

"Bwana Felisian," balozi akaanza, "mtu anayetembea kinyumenyume kwenye boma la mwenzake sisi tunamjua anaitwa nani. Jitetee."

 Felisian akapima. Upande mmoja kulikuwa na kuitwa mchawi. Upande wa pili kulikuwa na kukiri mbele ya kijiji kizima, na mbele ya Dafroza, kwamba dereva wa ushirika hawezi kurudisha tela nyuma. Alichukua muda mrefu mpaka Bibi Gati akaanza kukusanya kanga yake tayari kukimbia.

"Sijui rivasi," akasema mwishowe.

"Hujui nini?"

"Rivasi ya tela! Sijui! Sijawahi kujua!"

Wakacheka mpaka mbuzi wakakimbia. Balozi peke yake hakucheka. Alisema utetezi huo ni wa kitoto, maana kurudi nyuma hakuna ufundi wowote, akaomba baiskeli ili aonyeshe. Alikwenda hatua nne, mkokoteni ukamgeukia, wakaingia wote kwenye ua wa minyaa. Walipomtoa, akatangaza kwamba uchawi haukuthibitika.

Jioni Dafroza alimnyima mumewe chakula kwa muda, kisha akamwonea huruma. Akachukua ungo, akausimamisha mbele yake. "Huu ndio usukani. Nionyeshe."

Felisian akashika juu, kama kawaida. "Nikipeleka mkono kulia, mkia unaenda kushoto. Ndiyo inanichanganya."

"Sasa si ushike huku chini?"

"Chini?"

"Ukishika chini, mkono ukienda kushoto, usukani si unazunguka kulia? Basi mkono na mkia vitakuwa vinaenda pamoja."

Felisian akashika chini. Akapeleka mkono kushoto, akafikiri. Akapeleka kulia, akafikiri tena. Halafu akamwomba Dafroza ashike ungo vizuri, na wakarudisha tela pale jikoni mpaka ugali ukapoa.

Jumamosi mwalo ulijaa kuliko Jumatatu, maana habari za dawa zilikuwa zimetangulia. Felisian akainyoosha Landrova na tela, akaingiza rivasi, akashika usukani chini.

"Kata kulia!" wakaanza.

Akazima gari. Akafungua mlango, akasimama pale kwenye kikanyagio. "Anayejua, aje ashike usukani," akasema kwa upole. "Nampisha."

Hakuna aliyekuja. Hata aliyekuwa anapiga honi aliacha.

Akawasha. Akaenda polepole kama mtu anayebeba mayai. Mkono kushoto kidogo, akasubiri. Kulia kidogo, akasubiri. Tela likashuka katikati ya mteremko, likaingia majini bila kugusa mtumbwi wala meza ya mtu, na boti ikaelea taratibu. Mwalo mzima ukalipuka kwa vifijo. Machage alirusha kofia, akapiga makofi kwa mikono yote miwili.

"Machage," Mwanahalima akaita, "kamba umeshika wewe?"

Machage akaitazama mikono yake. Boti ilikuwa imeshafika mita thelathini, inaelekea visiwani bila nahodha. Ikabidi ajitupe majini na nguo zake, akipiga mbizi na kuibuka huku watu wakimfundisha kutoka nchi kavu: kulia, kushoto, njoo, basi.

Felisian aliketi kwenye boneti akimtazama, na moyoni alimwonea huruma sana, ingawa si kwa haraka. Kazi akaipata, akaifanya miaka sita. Madereva wa malori ya barafu walizoea kumwita awarudishie magari yao, na yeye aliwaomba kitu kimoja tu, wakae mbali na wafunge midomo.

Siku ile Mwanahalima hakumpongeza. Felisian alipomkabidhi funguo, aliziangalia, akamrudishia.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Usichelewe."