Kompyuta Aliyoijenga Tarsis

Kwa fundi Romanus Mlowe nyumba hainunuliwi, nyumba hujengwa. Mtu huanza na msingi, akangoja parachichi zizae, akapandisha kuta, akangoja tena miti ya paina ifikie kuvunwa, ndipo akaezeka. Kama katikati ya hapo nyasi zimeota sebuleni, zimeota, wala hakuna wa kumcheka. Aibu ni kuingia katika nyumba iliyojengwa na mwingine ukajisifu kuwa ni kazi ya mikono yako. "Anayenunua nyumba iliyokwisha," mzee alizoea kusema huku akipiga lipu, "anainunua na nyufa zake." Nusu ya kuta za misheni pale kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe, zilipita mikononi mwake, na hakuna mtu aliyewahi kumshika na neno la uongo, hata la mfuko mmoja wa saruji.

Tarsis alikuwa kitinda mimba wake, na hadi kufikia utu uzima alikuwa hajajenga kitu. Si umbea huu, mwenyewe alikuwa akijua. Alikuwa na chumba cha steshenari kando ya barabara ya misheni, chumba alichojengewa na baba yake, na humo alichapa barua, akatoa kopi, na wakati wa harusi na vipaimara akapiga video. Kompyuta yake ilikuwa kongwe kiasi kwamba maharusi walikuja kuchukua video yao wakiwa na mtoto mgongoni. Wateja walianza kuhamia mjini mmoja mmoja, na haja ya mashine mpya ikawa haina tena mjadala.

Mjadala ulikuwa ni mashine ya namna gani. Makambako, pale njia panda, palikuwa na duka la Hulda Sanga, mwanamke wa Kikinga kutoka Ipelele, aliyeuza kompyuta zilizokwisha kufungwa: unalipa, unabeba, unachomeka. Njia ya pili ilikuwa kuagiza vipande kimoja kimoja na kuifunga mwenyewe, jambo ambalo Tarsis alikuwa amelitazama kwenye simu mpaka bando likaisha. Kila njia ilikuwa na wema wake. Ya dukani ina dhamana, ikikorofisha unajua pa kuipeleka. Ya kujifungia unachagua kila kiungo, na siku ukijaliwa unaongeza ramu bila kutupa kasha. Tarsis angeweza kuyapima hayo kwa utulivu, lakini mizani ilikuwa imeshalemea upande mmoja, na aliyeilemeza ni baba yake.

"Baba, kompyuta nitaijenga mwenyewe," alisema jioni moja wakiwa mezani.

Mzee Romanus akaacha kutafuna. "Kumbe inajengwa?"

"Inajengwa. Ina msingi wake, unaitwa madabodi. Vingine vyote vinakaa juu yake."

Mzee akacheka, akapiga goti kwa kiganja, akarudia neno hilo la msingi mara mbili kama mtu anayeonja asali. Tarsis hakukumbuka ni lini aliwahi kumfurahisha baba yake kiasi hicho. Kesho yake mzee akauza mbao alizokuwa amezitunza kwa ajili ya dari ya chumba chake mwenyewe, akampa mwanawe fedha zote, akasema dari itangoja. Alipenda mwanawe awe fundi kabla yeye hajafa. Basi kuanzia hapo Tarsis hakuwa akitafuta kompyuta tena. Alikuwa akitafuta heshima ya baba yake.

Vipande vilifika mwezi wa saba, na mwezi wa saba Njombe hauna utani na mtu. Tarsis alijifungia steshenari amevaa sweta mbili na bado vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kitu chenye ukubwa wa biskuti, chenye vipini chini yake vyembamba kama sindano. Kwenye simu walikuwa wamesema wazi kwamba haitaki nguvu, ikielekezwa vizuri inazama yenyewe. Yake haikuzama. Sasa, mtoto wa mwashi tofali lake lisipokaa anafanya nini? Analigonga. Tarsis akainua kiganja, akaigonga prosesa mara moja, ya pili akaishindilia. Ganzi haikumwambia kitu. Alipoitoa na kuigeuza, vipini vilikuwa vimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na alipojaribu kuvinyanyua kwa sindano ya kushonea, vikaanza kukatika.

Akatia kila kitu katika kiroba, akamwambia baba yake kuna kifaa kimepungua, akapanda gari la Makambako.

Hulda aliigeuzageuza ile prosesa chini ya taa. "Uliigonga," akasema.

"Ilikuwa inagoma kukaa."

"Haigongwi hii, kaka. Lakini si msiba, nyingine ninayo. Vuta stuli hapa tuifunge wote. Wewe ushike bisibisi, mimi nitakuelekeza. Jua halitazama hujapanda gari."

Mlango wa duka ulikuwa wa kioo. Nje yake mabasi yalikuwa yakisimama, na abiria wa Njombe walikuwa wakishuka kununua mahindi ya kuchoma na kuchungulia kila duka, kama ilivyo ada ya abiria. Tarsis akajiona amekaa pale juu ya stuli, mtoto wa fundi Romanus, akifundishwa na mwanamke wa rika lake kushika bisibisi. Mtu mmoja tu wa kijijini angetosha kupeleka habari. Akanyoosha kidole kwenye kasha jeusi lililokuwa rafuni, lenye feni inayowaka taa.

"Nipe ile. Hivi vyangu vichukue, nitaongeza kilichopungua."

"Mficha uchi hazai, kaka."

"Nimesema nipe ile."

Hulda akampa. Biashara ni biashara. Tarsis akaenda nyuma ya choo cha stendi, akabandua stika ya duka kwa ukucha, akaitia mashine katika kiroba kilekile, akarudi Njombe akiwa ameipakata.

"Umemaliza?" baba yake alimuuliza, akiinama kutazama feni inayowaka.

"Nimemaliza, baba."

Neno moja, na njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa na mteremko mzuri. Mzee aliwasimulia mafundi wenzake, mafundi wakawasimulia wake zao. Konsolata, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, kila akipita steshenari alipaza sauti, "Kamwene, fundi mdogo!" na kila mara Tarsis alihisi masikio yanapata moto. Mwanzoni alidhani atazoea. Video zilikuwa zinatoka upesi, wateja wakarudi, na bado hakuweza kuitazama ile mashine bila kuona mahali stika ilipokuwa. Jumapili aliimba kwaya, akapokea komunyo na wenzake, akarudi kukaa. Hilo peke yake halikumtoa jasho, na ajabu ni kwamba hakuliona kuwa ni ajabu.

Kisha baba yake akasema kazi ya kwanza ya mikono ya mtu haikai bila kubarikiwa. Nyumba hubarikiwa, pikipiki hubarikiwa, hata mashine ya kusaga ya misheni ilibarikiwa. Tarsis akajitetea kwamba ni kitu kidogo, hakistahili kusumbua watu. Mzee akamwambia unyenyekevu ni mzuri, lakini usizidi.

Jumuiya nzima ikaja Jumamosi, wakajaa steshenari mpaka barazani, na sufuria ya viazi vya kuchemsha ikiwangoja nje. Padre hakuwapo, ila alikuwa ameacha maji ya baraka kwa katekista Silvanus. Tarsis aliwasha mashine, akaweka video ya kwaya yao wenyewe ili waione inavyofanya kazi. Katekista akaomba kwa kirefu. Akamshukuru Mungu kwa mikono ya kijana huyu, mikono isiyonunua bali inayojenga, na watu wakaitikia amina. Tarsis alitamani ardhi ipasuke. Akakunja mikono hiyo nyuma ya mgongo wake.

Katekista Silvanus si mtu wa kubana maji ya baraka. Alichovya tawi ndani ya beseni, akanyunyizia milango, watu, kuta, na alipofika kwenye mashine yenyewe, kwa heshima yake akalichovya upya mpaka kwenye kifundo cha mkono. Juu ya kasha palikuwa na matundu ya feni. Maji yakaingia yote. Kasha likalia *ta!*, kwaya ikakatika katikati ya neno, kioo kikawa cheusi, harufu ya kuungua ikapanda taratibu.

Katekista alibaki na tawi hewani.

Konsolata ndiye aliyecheka kwanza. "Mbona mmeduwaa? Si kaijenga mwenyewe! Ataifungua sasa hivi tuone."

Watu wakapumua. Wakaketi vizuri zaidi, maana sasa kulikuwa na jambo la kutazama. Mzee Romanus akaenda mwenyewe kwenye mfuko wake wa zana, akaleta bisibisi, akachomoa waya ukutani, akaketi karibu kabisa na mwanawe kama anayetaka kujifunza.

Tarsis alilishika kasha. Akaligeuza kulia, akaligeuza kushoto. Hakujua lafungukia upande gani. Alipapasa kingo zake kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya ugeni, akaona skrubu nne kwa nyuma, akazifungua kwa sababu ndizo alizoziona. Kitu kizito kikaanguka ndani, *tu!* Pembeni palibaki palepale, pamefungwa. Jasho likamtoka, na baridi ile.

Aliinua macho. Baba yake hakuwa akitazama kasha. Alikuwa akitazama mikono. Mzee aliyefundisha vijana uashi miaka yote ile alijua mtu anavyoshika kitu alichokijenga, na anavyoshika asichokijua. Furaha ikamtoka usoni taratibu, na Tarsis akaiona inavyotoka mpaka ikaisha.

Kisha mzee akaweka kiganja chake juu ya kasha, akawageukia watu.

"Tuiache," akasema. "Tarsis alishaniambia: mashine ikilowana haifunguliwi mpaka ikauke kabisa. Ni mimi na haraka zangu za kumpa bisibisi. Twendeni tukale viazi."

Tarsis hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Watu wakakubali papo hapo, wakamsifu fundi mdogo kwa subira yake, wakatoka kula. Mzee alikula kiazi kimoja, akaichukua zana yake, akaenda zake. Jioni Tarsis alimngojea amgombeze, hata ampige kama zamani, lakini mzee alimuuliza tu kama kuku wamefungiwa, akaingia kulala chini ya paa lisilo na dari.

Kesho yake padre alikuja kigangoni. Wakati wa komunyo Tarsis alitoka na wanakwaya wenzake, mikono ameikunja kifuani kama Jumapili zote. Alikuwa amebakiza watu wachache mbele yake alipotupa jicho kwenye benchi la baba yake. Watu wa benchi lile walikuwa wanatoka kwa shida, wanaruka magoti ya mtu aliyekaa. Mzee Romanus hakuinuka. Kofia ilikuwa mapajani, na macho yake yalikuwa kwenye sakafu, sakafu aliyoimwaga mwenyewe.

Katika maisha yake yote Tarsis hakuwahi kumwona baba yake akibaki. Yeye alikuwa amepanda mstarini na uongo wake mkubwa Jumapili baada ya Jumapili. Mzee alikuwa na mmoja, wa jana, na haukuwa hata wake. Haya zikamshika Tarsis miguuni. Akatoka mstarini mbele ya macho ya kwaya nzima, akajipenyeza mpaka kwenye lile benchi, akakaa.

"Baba, nenda," akanong'ona.

"Niende vipi?" Mzee hakuinua uso. "Nimedanganya watu mbele ya maji ya baraka."

Hakusema "kwa ajili yako." Angelisema, ingekuwa nafuu.

Yakaja matangazo. Katekista Silvanus alisoma ya michango ya mahindi, akasoma ya ndoa, kisha akavua miwani akitabasamu. "Na watu wa jumuiya wananiuliza, maana mkosaji ni mimi. Fundi mdogo, mashine imekauka?"

Kanisa likacheka kwa upendo. Tarsis akasimama.

"Ile kompyuta sikuijenga," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Sikuijenga. Vipande nilivyoagiza niliviharibu kwa kuvigonga. Hii niliinunua Makambako imeshafungwa. Nikamdanganya baba yangu, nikawaacha na nyinyi mkaniombea mikono."

Hakuna aliyecheka sasa. Konsolata alijifunika mdomo kwa upindo wa khanga. Tarsis aliangalia mbele, masikio yakiwaka, akajifariji kwa kitu kimoja: habari ya kukauka hakuitaja. Mzigo wote ameubeba yeye, baba yake ametoka salama.

Ndipo benchi likalia. Mzee Romanus alikuwa akiinuka polepole, akijishikilia kwenye benchi la mbele.

"Na ile ya kwamba mpaka ikauke," akasema, "niliitunga mimi. Niliona mikono yake inapapasa, nikajua. Nikaona haya mbele yenu, nikasema uongo."

Akakaa. Tarsis akabaki amesimama, hawezi kukaa wala kuondoka, mpaka alipohisi anavutwa koti.

"Kaa chini, mwanangu," baba yake akasema. "Wameshasikia."