Kiganja Juu ya Mashine

Fundi wa mashine ya sinema pale Mirongo, nilikokuwa nauza tiketi, hakuwa mtu wa haraka. Picha ikiharibika, alikuwa akiweka kwanza kiganja juu ya mashine na kuisikiliza, ndipo ashike bisibisi. Jumapili moja mchana, ukumbi ukiwa umejaa, picha ilianza kurukaruka. Akaizima. Watu wakapiga miluzi, na meneja wetu, Mzee Kaijage, akapanda ngazi mbio hadi chumba cha mashine. "Washa hivyo hivyo, watavunja viti!"

"Mzee, meno ya mashine yanatafuna filamu," alijibu bila kuinua kichwa. "Nikiwasha itachanika, na kesho inapanda meli. Bukoba wataangalia nini?" Alichokonoa njia ya filamu kwa kijiti cha mwanzi, maana chuma kingeikwaruza, akatoa uchafu mgumu mdogo kama punje ya ulezi. Akaipitisha filamu upya, akazungusha gurudumu kwa mkono, sikio karibu, mpaka mlio ukamridhisha. Alipowasha, picha ilitulia tuli. Meneja akamsogelea ampe mkono, na ukumbi mzima ukaanza tena kupiga miluzi. "Rudi nyuma kidogo, mzee," fundi akasema. "Umeziba picha."