Sentensi ya Wakulima wa Ahr

Roswitha Krings alikuwa mkulima wa zabibu katika bonde la mto Ahr, na kila Juni aliliacha shamba siku kumi akaenda mji wa Bonn kwenye mazungumzo ya tabianchi. Hakutumwa na serikali yoyote. Alitumwa na chama cha wakulima wenzake, tangu mto ulipowaingilia majumbani bila mtu kuwaonya.

Mwaka huo alitaka jambo moja: rasimu ya makubaliano itamke kwamba onyo la mafuriko limfikie mkulima mwenyewe, lisiishie ofisini. Rasimu ingefungwa Alhamisi jioni. Lakini vyama kama chake hupewa dakika mbili za kusema, tena mwishoni, muda ukibaki. Jumanne haukubaki. Jumatano waliombwa watoke, mlango ukafungwa.

Detlef, mzee wa chama cha wafanyakazi wa reli, aliyefungiwa nje pamoja naye, alimcheka. "Miaka mitatu unakuja, Roswitha, bado unang'ang'ania mlango. Hao waliomo ndani nao wanakunywa kahawa."

Basi Alhamisi asubuhi akapanga foleni ya kahawa nyuma ya Semisi Fonua, mjumbe wa nchi moja ya visiwa vya Pasifiki, akampa karatasi yenye sentensi yao. Fonua akaisoma mara mbili. Akakiri kwamba hata kwao maji hayabishi hodi. Kisha akamrudishia.

"Hii siwezi kuingia nayo, Bi Krings. Juu ina nembo ya chama, chini jina lako. Wataniuliza nchi yangu inatumwa na nani."

Rasimu huguswa na nchi tu. Ndivyo dunia ilivyopangwa: aliyefurikiwa hana kalamu, na mwenye kalamu hajalowa. Wakulima wa Ahr walikuwa wamebishania sentensi ile neno kwa neno majira yote ya baridi, na walitaka jina la chama chao lionekane. Roswitha hakusita. Akachana juu, akachana chini.

"Sasa ni yako, Bwana Fonua. Ila usipunguze hata neno."

"Sipunguzi, mama."

Saa kumi na moja jioni, sentensi ilitokea kwenye skrini ya ukumbi, nzima, kwa jina la nchi ya Fonua. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna nchi iliyopinga. Nyundo ikagonga.

Detlef akamwinamia Roswitha, akamuuliza atawaambia nini watu wa nyumbani.

"Kwamba imepita. Anayetaka kuona jina lake, akalibandike kwenye chupa ya divai."