Mashine Namba Arobaini na Moja

Hospitalini walimwita Bwana Kipimo, na jina lilimkaa barabara. Kazi yake ilikuwa kugawa nguvu za seva nne kubwa kwa mashine pepe sitini na tatu, yaani kompyuta zisizo na umbo, zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine. Maabara ina yake, famasi ina yake, chumba cha eksirei kina yake, na kila moja inajiona ina seva peke yake. Kumbe zote zinakula sahani moja, na mpakuaji ni yeye.

Na watu wanajua kung'ang'ania, jamani! Mkuu wa idara ataomba mashine mbiombio, aitumie wiki mbili, aisahau, nayo iendelee kukalia diski huku maabara inajikongoja. Jambo hilo lilimkera Bwana Kipimo hadi akatunga sheria: mashine isiyoguswa siku tisini inafutwa pamoja na nakala zake za akiba, na fungu lake anapewa mwenye shida. Kabla ya hapo mfumo wenyewe unamtumia mwenye mashine barua pepe tatu. Asipojibu, shauri yake. "Bila kuuliza ni ya nani," aliongeza mwishoni, na mstari huo aliuonea fahari kweli.

Mkewe, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, alimcheka. "Mwanaume wewe, siku moja utanigawia hata shuka kwa asilimia."

Mashine namba arobaini na moja ilibeba sauti ya huyo mkewe. Alirekodi mawaidha thelathini na mawili kwa kina mama, yakawa yanasikika kwenye ukumbi wa kusubiri. Bwana Kipimo ndiye aliyemshikia maikrofoni, na ndiye aliyeandikishwa kuwa mwenye mashine. Katika rekodi ya tisa mke anapaliwa, anaangua kicheko, anasema, "Futa hapo, mume wangu, nimeharibu." Hakufuta. Alikipenda mno kicheko kile.

Kisha mke akaugua saratani ya koo, na sauti ikatangulia kuondoka. Bwana Kipimo aliomba likizo, akakaa nyumbani miezi minne akimlisha kwa kijiko, akimwosha, akijifunza kumsoma midomo. Barua za ofisini hakufungua hata moja. Nani angekuwa na moyo huo? Kliniki nayo ilishapata televisheni, rekodi zikaachwa.

Walipomzika, kitu kimoja tu kilimsimamisha wima: akirudi kazini, atamsikia. Kwenye simu yake hakukuwa na hata neno moja la mkewe. Walilala nyumba moja na kufanya kazi jengo moja, wangetumiana sauti za nini?

Siku aliyorudi, msaidizi wake, dada mpole mwenye miwani, aliinuka kumpokea.

"Pole sana na msiba, kaka."

"Nimeshapoa, dada yangu."

"Huku hatukukuangusha. Maabara wamepumua! Majibu yaliyochukua nusu saa sasa yanatoka kwa dakika tatu. Niliikuta mashine moja imekaa bure siku tisini, hiyo arobaini na moja. Nikaifuta na nakala zake, maabara wakapata nafasi." Akatabasamu. "Kama sheria yako inavyosema. Wala sikuuliza ni ya nani."

Alitaka kumfurahisha tu, masikini. Bwana Kipimo alivuta kiti, akaketi.

"Umefanya vizuri," alisema, na machozi yakamtoka. Dada akamletea maji, akijua analilia msiba. Ndiyo, alikuwa akiulilia, ila sasa ulikuwa wa pili.

Alipobaki peke yake alifungua barua pepe zake. Zilikuwapo zote tatu, kila moja ikiwa na jina lake chini kama mtumaji. Ya mwisho ilikuja siku ile alipokuwa akimgeuza mkewe kitandani asipate vidonda. "Mashine yako namba 41 haina kazi. Kama bado unaihitaji, jibu barua hii kwa neno moja."

Aliisoma mara nyingi. Kisha, akijua vyema kabisa kwamba diski ile imeshaandikwa juu yake majibu ya damu za watu, aliandika: "Naihitaji." Akatuma.

Kompyuta ikalia. Barua mpya imeingia. Majibu ya barua zile yalikuwa yakipokelewa na yeye.